Kupunguza uzito ukiwa mkimbiaji wa masafa marefu

Wakimbiaji wengi huamini kwamba kila kilo inayopungua ni muda uliookolewa. Kuna ukweli ndani yake, kwa sababu mwili mzito hutumia nguvu zaidi, hasa mlimani. Lakini mwili huohuo unaoupunguzia chakula ndio unaotakiwa kujenga misuli, damu na mifupa baada ya mazoezi.

Hesabu ya nishati

Kwa makadirio, kukimbia kilomita 1 hutumia karibu kalori 1 kwa kila kilo ya uzito wako. Ukiwa na kilo 60 na ukakimbia kilomita 15 alfajiri, umetumia kalori 900 hivi kabla hata ya kazi za siku. Kinachobaki kwenye chakula chako ndicho kinachoendesha moyo, ubongo, homoni na kinga, na ndicho kinachorekebisha misuli iliyochoka.

Kikibaki kidogo mno siku baada ya siku, mwili hubana matumizi. Hedhi huchelewa au hukatika. Kwa wanaume, homoni ya testosteroni hushuka na hamu ya tendo la ndoa hupungua. Mifupa hudhoofika na kupata nyufa ndogo. Mafua hayaishi, usingizi huwa wa mang'amung'amu, na muda wako mbioni unazidi kuwa mbaya ingawa unajituma zaidi. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilianza kuitambua hali hii kuwa upungufu wa nishati unaowapata wanamichezo wa kike na wa kiume. Kabla ya hapo ilizungumzwa zaidi kama tatizo la wanawake.

Jambo linalowachanganya wengi ni kwamba unaweza kuwa na upungufu huu bila kukonda. Mwili ukishabana matumizi, mizani husimama, nawe unadhani bado unakula sana na kupunguza tena.

Wapo wanaosema hedhi ikikatika ni ishara kwamba mwanariadha yuko fiti. Si kweli. Ni ishara kwamba mwili umekosa nishati, na mifupa ndiyo inayolipa gharama.

Upunguze lini, na kwa kasi gani?

Chagua kipindi ambacho huna shindano karibu na mazoezi makali ni machache. Wiki za mwisho kabla ya marathoni si wakati wake. Nusu kilo kwa wiki inatosha, na kwa aliye mwembamba tayari hata hiyo ni nyingi. Usishangilie kilo 1 au 2 zinazopotea siku za mwanzo: wanga uliohifadhiwa kwenye misuli hushikana na maji, hivyo ukipunguza wanga, maji hutoka pamoja nao.

Punguza chakula siku ya mazoezi mepesi au ya mapumziko, si siku ya kasi au ya mbio ndefu. Na mazoezi mepesi yawe mepesi kweli: uweze kuzungumza sentensi nzima bila kuhema. Wageni wanaokwenda Iten, Kenya, hushangaa kuona wanariadha wakubwa wakianza mbio zao za jioni taratibu kabisa.

Sahani yako

Usianze kwa kuondoa ugali au wali. Anza na soda, chipsi, maandazi na sukari ya chai. Baada ya mazoezi makali kula mapema, ndani ya saa moja ukiweza: uji wa maziwa, ndizi, mayai, au maharage na viazi. Unapopunguza uzito lenga takriban gramu 1.6 za protini kwa kila kilo ya mwili kwa siku, ukizigawa katika milo. Yai moja lina gramu 6 hivi, kwa hiyo dagaa, maziwa, kunde na samaki watahitajika pia.

Chai ya rangi au ya maziwa inywe mbali na mlo, kwani hupunguza ufyonzwaji wa madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na maharage. Chungwa au limau husaidia.

Vidonge vya kukojoa huondoa maji, haviondoi mafuta, tena vimepigwa marufuku michezoni.

Muone mtoa huduma za afya iwapo:

- hedhi imekosekana kwa miezi 3, na huna mimba;
- una maumivu ya mfupa sehemu moja, mguuni au kwenye nyayo, yanayozidi ukikimbia. Yakiwa kwenye kinena au nyonga, acha kukimbia mara moja hadi upimwe;
- unazimia, au moyo unadunda isivyo kawaida;
- unajitapisha, unaogopa kula, au unawaza chakula kutwa nzima.

Kama una umri chini ya miaka 18, au ni mjamzito au unanyonyesha, usijipangie kupunguza uzito bila ushauri wa daktari, hata kama kocha ndiye aliyekuagiza.