Ngazi na Vidato Vyake

Neno "kidato" lilikuwa la ngazi kabla halijawa la shule. Ni kile kijiti cha kukanyagia. Kikikosekana kimoja, mpandaji hukwama hata akiwa na nguvu. Historia ya waganga waliofundishwa katika bonde letu la Kilombero yatuonyesha jambo hilo waziwazi.

Mwaka 1961, mwaka wa Uhuru, kilifunguliwa Ifakara kituo cha kufundisha wasaidizi wa tiba wa vijijini, kwa juhudi za Waswisi wakiongozwa na Profesa Rudolf Geigy. Haja ilikuwa kubwa, kwani Watanganyika wenye shahada ya udaktari walihesabiwa 12 tu. Mgonjwa wa Kisawasawa, kando ya njia ya Mang'ula kwenda Ifakara, hakuweza kumngoja daktari wa chuo kikuu.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967 zahanati ziliongezeka, na ngazi ya kazi ikajengwa. Kijana wa darasa la saba alisoma miaka mitatu akawa mganga msaidizi wa kijijini. Aliyemaliza Kidato cha Nne alisomea utabibu, naye pia kwa miaka mitatu. Tabibu aliyekwisha kutumika kwa miaka kadhaa aliweza kurudi darasani miaka miwili, akawa daktari msaidizi. Huyu aliruhusiwa kupasua, hata kumtoa mtoto tumboni mama alipokwama uzazi.

Hapo ngazi ilikatika. Daktari msaidizi hakuwa na shahada, na akiitaka alianza mwaka wa kwanza pamoja na vijana waliotoka shuleni. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza ndipo waingie chuo kikuu, na watumishi wenye uwezo wafikiriwe. Lilikuwa neno jema. Lakini udaktari wadai kemia, fizikia na baiolojia, na mganga aliyetoka darasa la saba hakuwahi kufundishwa masomo hayo katika sekondari. Uzoefu alikuwa nao. Kidato cha kukanyagia hakikuwapo.

Sheria ya mwaka 1997 iliunda Baraza la Taifa la Elimu ya Ufundi, na vyeti vya kazi vikapangwa kwa viwango vinavyofuatana. Stashahada ya utabibu yenye alama nzuri ikawa njia ya kuingilia shahada, sambamba na Kidato cha Sita. Mwaka 2010 Chuo Kikuu Kishiriki cha Mtakatifu Fransisko kikaanza Ifakara, na shahada ikapatikana katika mji uleule walikofundishwa wasaidizi wa 1961.

Hata hivyo, sharti moja limebaki: mwenye stashahada huulizwa alifaulu nini katika sayansi Kidato cha Nne. Wanafunzi mlio madarasani sasa, msiitupe kemia kwa kudhani mtakwenda "kozi ya kazi tu". Cheti hicho kitawasubiri mlangoni miaka kumi baadaye.

Nasi wazee wa shule tuna kazi. Wako watumishi wa zahanati wanaotaka kurudia mtihani wakiwa watahiniwa wa kujitegemea, lakini hawana mwalimu wala maabara. Miongoni mwetu wamo walimu wa sayansi. Wakati wa likizo, tukikubaliana na shule, maabara yaweza kufunguliwa kwa ajili yao. Kidato kimoja kikirudishwa, mpandaji atajipandia mwenyewe.