Wazee wa gari-nyumba, mto Mississippi na jina la ubavuni

Najua nimepotea. Kazi za huku mnazijua wenyewe, shifti tatu za usiku mfululizo halafu mtu unalala mpaka jua linazama. Leo nalipa deni. Zile picha nilizowatumia za gari kubwa jeupe lililoegeshwa kando ya mto, na miti nyuma yake myekundu kama imemwagiwa rangi, zimeleta maswali kuliko picha zangu zote za theluji. Shangazi ndiye aliyekuja juu zaidi: "Hao wazee hawana watoto? Mbona wanalala kwenye gari?"

Shangazi, watoto wanao, watatu, na wajukuu juu yake. Nyumba wanayo pia, ya vyumba vinne, hapa hapa Minnesota. Yule mama alikuwa nesi mwenzangu wodini, ndiye aliyenifundisha kuendesha gari kwenye barafu, akastaafu. Mume wake alikuwa fundi umeme. Huku wanataka uwaite kwa majina yao ya kwanza, hata kama wamekuzidi miaka thelathini na tano. Mimi imenishinda. Nawaita Mama na Mzee, na wenyewe wameshazoea.

Sasa mtu akistaafu huku, anafanya nini? Wengi wananunua gari-nyumba, jipya au la mtumba kama lao. Mbele ni gari la kawaida, juu ya kichwa cha dereva kuna kitanda, nyuma kuna jiko la gesi, friji, choo na bafu dogo la kuogea umesimama wima kama askari wa gwaride. Lina tanki la maji safi na tanki la maji machafu. Jioni unaingia kwenye kambi, unalipia nafasi yako, unachomeka waya wa umeme, basi umefika nyumbani. Asubuhi Mzee anavaa glavu anakwenda kumwaga tanki la choo, na Mama anacheka kwamba miaka yote hiyo alikuwa akimwambia mume wake kazi ya nesi si mchezo! Mafuta linakunywa kama lita 25 au zaidi kwa kilomita 100, ndiyo maana hawakimbii nalo.

Hela ya kuzururia wanaitoa wapi? Akiba yao, na pensheni ya serikali. Sheria ya pensheni hiyo ilitiwa saini na Rais Roosevelt mwaka 1935. Malipo ya kwanza ya kila mwezi yalikwenda kwa Ida May Fuller wa Vermont, Januari 1940, dola 22 na senti 54. Alikuwa amekatwa dola 24 na senti 75 tu kwa jumla, akaishi mpaka miaka 100, akafa 1975 akiwa amelipwa zaidi ya dola 22,000. Halafu mwaka 1965 ikaja bima ya matibabu kwa wazee. Vitu hivyo viwili, pamoja na barabara nzuri, ndivyo vilivyowaweka wazee wengi wa Kimarekani barabarani. Mambo ya nani anamtunza mzee akishindwa kuendesha tuyaache, hayo nayaona kila siku wodini na yana ukurasa wake.

Oktoba iliyopita wakaamua kushuka na mto Mississippi, Mama akaniambia nipande nao kwa siku zangu nne za ofu. Niliwahi kudhani Mississippi ni jambo la kusini, la pamba na blues. Kumbe mto wenyewe unaanzia huku kwetu kwenye baridi, ziwa Itasca, kaskazini ya Minnesota, ndipo uteremke kama kilomita 3,700 mpaka Ghuba ya Mexico. Chini ya Minneapolis unaingia katika bonde pana lenye majabali pande zote mbili, mengine yanafika mita 150. Ukanda huu barafu kubwa za zamani ziliuzunguka bila kuusaga, ndiyo maana una milima na vilima wakati majirani zake wote ni tambarare kama meza. Oktoba mialoni inakuwa ya kahawia, mepo zinawaka nyekundu na njano, asubuhi ukungu umelala juu ya maji. Tuliona tai wenye vichwa vyeupe Wabasha, tukanunua matufaha La Crescent mpaka gari zima likanukia.

Kitu nilichopenda kuliko vyote ni matishari. Tagi moja inasukuma matishari 15 yaliyofungwa pamoja, yamejaa mahindi na soya za mavuno mapya, yanakwenda kusini kupakiwa melini. Njiani kuna mabwawa yenye vyumba vya zege vya kupandishia na kushushia vyombo. Tishari linaingia, milango inafungwa, maji yanatolewa taratibu, linashuka kama lifti, milango ya mbele inafunguliwa. Mengi ya mabwawa hayo yalijengwa miaka ya 1930, baada ya Bunge kuamua mwaka 1930 kwamba mto uwe na kina kisichopungua futi 9 kwa ajili ya vyombo vya mizigo. Mzee anaweza kukaa pale na kikombe cha kahawa masaa mawili. Mimi pia.

Haya, sasa nije kwenye jina, kwa sababu ndilo lililonifanya niandike. Ubavuni mwa lile gari limeandikwa Winnebago. Kwa Wamarekani hilo karibu ndilo jina la gari-nyumba lolote, kama sisi tunavyosema "Kiwi" kwa dawa yoyote ya viatu. Kampuni ilianzia mji mdogo wa Forest City, Iowa, mwaka 1958. Mji ulikuwa unafifia, vijana wanahama, ndipo wafanyabiashara wa pale wakiongozwa na John K. Hanson wakaishawishi kampuni ya California ifungue kiwanda cha trela za kulala. Baadaye wakakichukua wenyewe, wakakipa jina la wilaya yao, Winnebago. Mwaka 1966 wakatoa gari-nyumba la kwanza, kwa bei karibu nusu ya magari ya wenzao. Mtu wa mshahara wa kawaida akaweza kununua. Mji ukapona.

Na wilaya ilipata wapi jina? Kwa watu. Wenyeji wa asili, wale shuleni tuliofundishwa kuwaita Wahindi Wekundu. Wenyewe hawajiiti Winnebago. Hilo ni jina walilopewa na majirani zao, na maana yake inahusu maji yanayonuka! Wenyewe wanajiita Ho-Chunk, watu wa sauti kubwa, au sauti takatifu. Nchi yao ilikuwa Wisconsin, kuanzia Ziwa Michigan mpaka huu mto tuliokuwa tunaufuata.

Tulipofika Winona, Mama akaegesha kwenye kambi ng'ambo ya mji, tukakaa nje na mablanketi. Nikawaambia nilichokuwa nimesoma, nawaambieni na ninyi.

Wazungu walikuja kwanza kwa madini ya risasi kusini ya Wisconsin, halafu kwa mashamba. Ho-Chunk wakakatwa ardhi mwaka 1829, wakakatwa tena 1832. Mwaka 1837 ujumbe wao ukaitwa Washington. Wajumbe hawakuwa na ruhusa ya wazee wa kabila kuuza ardhi, na walisema hivyo. Wakakalishwa na kubanwa mpaka wakatia saini kuachia ardhi yote iliyobaki mashariki ya Mississippi. Walielewa kwamba wana miaka minane ya kuhama. Karatasi ilisema miezi minane.

Mzee akauliza, "Miezi?" Ndiyo, miezi.

Basi ikaanza safari. Kwanza wakavushwa mto kwenda Iowa, kwenye ukanda uliowekwa katikati ya makabila mawili yaliyokuwa yakipigana, yaani wao wawe ukuta. Iowa ilipokaribia kuwa jimbo, mkataba wa 1846 ukawataka waende kaskazini, Long Prairie, Minnesota. Walihamishwa 1848. Njiani walipita pale pale tulipokuwa tumekaa, Winona, ambapo wakati huo palikuwa na kijiji cha Wadakota chini ya chifu Wabasha. Wakasimama wakakataa kuendelea. Wabasha akawa upande wao. Wanajeshi wakaitwa, mizinga ikawekwa tayari, siku kadhaa hakuna aliyejua kama damu itamwagika. Mwishowe wengi wakapandishwa melini, na wengine wakatoroka usiku kurudi Wisconsin.

Long Prairie ilikuwa misitu na vinamasi, haikuwafaa. Mwaka 1855 wakahamishiwa Blue Earth, karibu na Mankato, ardhi nyeusi nzuri sana. Wakalima, wakajenga. Ubaya wa ardhi nzuri ni kwamba kila mtu anaiona. Mwaka 1862 vikazuka vita kati ya Wadakota na walowezi wa Minnesota, baada ya Wadakota kucheleweshewa malipo yao na kubaki na njaa. Tarehe 26 Desemba mwaka huo Wadakota 38 walinyongwa kwa pamoja Mankato. Ho-Chunk kama kabila hawakuwemo vitani. Haikusaidia. Februari 1863 Bunge likapitisha sheria ya kuwaondoa, na Mei wakapakiwa kwenye meli za mvuke kupelekwa Crow Creek, kando ya mto Missouri, nchi kavu isiyo na mazao. Karibu watu 2,000. Mamia wakafa kwa njaa na maradhi.

Hapa Mama alinyamaza, halafu akauliza swali la nesi: watoto walikuwa wangapi? Katika vifo vya namna hii ya njaa na safari, sisi tunajua ni nani wanaotangulia.

Nilipokuwa nasoma nilimkumbuka marehemu babu na hadithi zake za operesheni vijiji. Si jambo moja, babu alihamishwa kilomita chache na hakunyang'anywa nchi. Lakini lile analosema, kwamba mtu anakuja na karatasi yenye siku ya mwisho na mahindi yako bado yako shambani, hilo nililiona.

Walichofanya Ho-Chunk pale Crow Creek ni kuchonga mitumbwi. Walikata miti iliyokuwepo, wakachonga, wakateremka na Missouri usiku na mchana mpaka kwa kabila la Omaha huko Nebraska, ambao waliwapokea. Mwaka 1865 serikali ikakubali yaishe, ikawatengea sehemu ya ardhi ya Omaha. Wazao wao wako pale hadi leo.

Lakini sehemu nyingine ya kabila iliendelea kurudi Wisconsin, kila mara. Kwa miguu, kwa mitumbwi, familia moja moja. Desemba 1873 jeshi likaja tena, likawakamata mamia katikati ya baridi na kuwapakia kwenye treni kwenda Nebraska. Baada ya mwaka mmoja wengi walikuwa wamesharudi! Hatimaye serikali ikachoka. Kuanzia 1875 sheria iliwaruhusu wenyeji wa asili kuchukua mashamba kama walowezi, na familia za Ho-Chunk zikachukua vipande vya ekari 40, vingi vya mchanga ambao hakuna mzungu aliyeutaka, hasa kuzunguka Black River Falls.

Kuna mwanamke wao mmoja, Mountain Wolf Woman, aliyezaliwa 1884 na kufariki 1960. Alimsimulia maisha yake mwanaanthropolojia Nancy Lurie, yakatoka kitabu mwaka 1961. Nilikiazima maktaba, na ndicho nilichokuwa nacho garini. Anaeleza jinsi familia yao ilivyoishi kwa kufuata majira. Mwezi wa Machi walikwenda Mississippi karibu na La Crosse kutega panya wa majini kwa ajili ya ngozi, halafu wakarudi Black River Falls kulima. Wakati mwingine wa mwaka ni kuchuma matunda porini, kranberi, vile vitunda vyekundu vya uchachu, na kisha kuwinda paa. Yaani safari ndiyo ilikuwa maisha yao tangu zamani, na nyumba zao zilijengwa kwa kusafiri. Mama alisoma kurasa zile kwa taa ndogo ya kitandani, halafu akamwambia Mzee, "Hawa ndio waliokuwa na gari-nyumba kabla yetu."

Asubuhi Mzee alikuwa nje mapema anaangalia lile jina ubavuni, kikombe mkononi. Nilidhani ataniambia anataka kulibandua. Hakusema. Aliuliza tu Black River Falls ni mbali gani kutoka La Crosse. Ni kama kilomita 75. Mpango ulikuwa tuendelee kusini na mto mpaka Prairie du Chien. Tukageuza kushoto.

Hakuna cha ajabu pale, mji mdogo, misonobari, mashamba ya kranberi yaliyofurishwa maji na matunda yanaelea mekundu kama zulia, kwa sababu ndivyo yanavyovunwa. Makao makuu ya taifa la Ho-Chunk yako hapo. Katiba yao ilitambuliwa 1963, na mwaka 1994 wakaacha rasmi jina la Winnebago na kurudi kwenye jina lao wenyewe. Wenzao wa Nebraska wao wamebaki nalo. Karibu na mji kuna makaburi alipozikwa koplo Mitchell Red Cloud, Mho-Chunk aliyeuawa Korea Novemba 1950 akizuia adui ili wenzake wapone, akapewa nishani kubwa kuliko zote za jeshi la Marekani. Babu zake wakikamatwa na jeshi hilo hilo 1873. Mzee, ambaye naye alikuwa jeshini ujanani, alivua kofia.

Tulinunua kranberi kilo mbili. Mama amenifundisha kuzipika na sukari, zinakuwa kama rojo la ukwaju. Shangazi, nitakuletea mkebe mmoja nikija Desemba, usimpe mtu.