Dawa za Mzee: Mwili Unapobadilika na Wajibu wa Watoto

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Familia nyingi za visiwani zina wazee wao bara, wengine katika vijiji vya mbali kama Uchindile, kwenye reli ya TAZARA, upande wa Kilombero, ambako hospitali ya rufaa iko Ifakara. Watoto huwanunulia dawa mjini wakawatumia. Wema kwa wazazi ni faradhi, lakini dawa iliyotolewa bila vipimo huweza kuwadhuru.

Kinachobadilika mwilini

Suratu Yasin, aya ya 68, inatukumbusha kuwa mwenye kupewa umri mrefu hudhoofishwa umbile lake. Madaktari wanaeleza namna yake: figo huchuja polepole, damu inayopita kwenye ini hupungua, maji na misuli hupungua, mafuta huongezeka. Kwa hiyo dawa nyingi hukaa mwilini muda mrefu zaidi, na kipimo kinachomfaa kijana humzidi mzee.

Dawa za kuangaliwa

- Diklofenaki na ibuprofeni: huweza kuumiza figo na tumbo na kupandisha presha.
- Glibenklamaidi: huweza kushusha sukari kupita kiasi.
- Diazepamu: husababisha usingizi, kizunguzungu na kuanguka.
- Piriton: huweza kumchanganya akili mzee na kuzuia mkojo.

Mzee pia huhisi kiu kidogo, na maradhi makubwa huweza kumjia bila homa. Akichanganyikiwa ghafla, msiseme ni uzee tu, mpelekeni hospitali.

Hukumu yake

Haifai kumpa mzee dawa alizoandikiwa mwingine, wala kumsitishia dawa kwa ajili ya funga bila kumuuliza daktari. Mwili ni amana, na kuondoa madhara ni msingi wa sharia. Mzee asiyeweza kufunga, wala hatarajiwi kuweza baadaye, hana dhambi. Hutoa fidia kwa msingi wa Suratul Baqara, aya ya 184: katika madhehebu ya Imamu Shafi, kibaba kimoja cha chakula cha mji kwa kila siku, apewe maskini.

La kufanya

Kabla ya kutuma dawa, tuma nauli. Mzee apelekwe hospitali na dawa zake zote katika mfuko mmoja, pamoja na za miti shamba, apimwe figo, presha na sukari. Lifanyike hili kabla ya Ramadhani, ili daktari apate muda wa kupanga dawa upya.

Wallahu a'alam.