Kanuni ya mchungaji iliyokataliwa na wasomi, ikakubaliwa na kazi

Desemba 23, 1763, wanachama wa Royal Society, chama cha wanasayansi jijini London, walisomewa andiko la mtu aliyekuwa ameshazikwa zaidi ya miaka miwili. Mwandishi huyo, Thomas Bayes, alikuwa mchungaji wa Kipresbiteri katika mji wa Tunbridge Wells, kusini mashariki mwa Uingereza. Alifariki Aprili 1761 bila kulichapisha andiko hilo. Leo kanuni inayobeba jina lake inachuja barua pepe taka, inasaidia kutafuta mabaki ya ndege baharini na inaongoza namna ya kusoma majibu ya vipimo vya hospitali. Historia yake inastahili kujulikana na kila anayefanya uamuzi huku hana uhakika, yaani sisi sote.

Elimu ya uwezekano ilizaliwa kwenye kamari. Mwaka 1654 Wafaransa wawili, Blaise Pascal na Pierre de Fermat, waliandikiana barua kuhusu swali moja: wachezaji wakikatiza mchezo kabla haujaisha, fedha walizoweka zigawanywe vipi kwa haki? Walijibu kwa kuhesabu njia zote ambazo mchezo ungeweza kumalizika. Mwaka 1713 kilichapishwa kitabu cha Jacob Bernoulli wa Basel, Uswisi, kilichothibitisha kwamba jaribio likirudiwa mara nyingi, wastani wa matokeo hukaribia uwezekano wenyewe. Miaka 20 baadaye Abraham de Moivre, mkimbizi Mfaransa aliyeishi London, alionyesha kuwa sarafu ikirushwa mara nyingi sana, matokeo hutawanyika kwa mchoro ule wenye umbo la kengele ambao kila mwanafunzi wa takwimu anaufahamu.

Wote hao walitoka kwenye chanzo kwenda kwenye tokeo. Ukijua dadu lina nyuso sita zilizo sawa, unajua nafasi ya kupata nne ni moja kati ya sita. Bayes aligeuza swali: nikiona tokeo, naweza kusema nini kuhusu chanzo ambacho sikukiona?

Meza na mipira

Jaribio alilolibuni linaweza kuelezwa hivi. Kuna meza iliyosawazishwa kiasi kwamba mpira ukirushwa juu yake unaweza kutua popote, bila sehemu yoyote kupendelewa. Mpira wa kwanza unarushwa, panapigwa mstari mahali ulipotua, kisha unaondolewa. Anayetakiwa kukisia mstari ulipo haoni meza. Mipira mingine inarushwa mmoja baada ya mwingine, naye anaambiwa jambo moja tu: umetua kulia au kushoto kwa mstari.

Mwanzoni hajui lolote, hivyo kila mahali anapapa nafasi sawa. Mpira mmoja ukitua kulia, anaanza kuegemea kwamba mstari uko upande wa kushoto. Mipira 8 kati ya 10 ikitua kulia, eneo analolishuku linasogea zaidi kushoto na kuwa finyu. Anachopata mwishoni ni mtawanyo, yaani orodha ya mahali pote mstari unapoweza kuwa, kila mahali na uzito wake. Kila mpira mpya unarekebisha uzito huo.

Kanuni nzima imo humo: anza na unachokijua, pokea ushahidi, rekebisha, endelea. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Bayes anatuongezea maswali mawili: msimu huu mvua hunyesha mara ngapi, na mara ngapi mawingu hutanda yakapita bila tone? Wingu zito la Agosti mjini Dodoma halina uzito sawa na wingu zito la Aprili.

Aliyeliokoa andiko hilo ni rafiki yake, Mchungaji Richard Price, aliyelikuta miongoni mwa karatasi za marehemu. Alilihariri, akaliandikia utangulizi na nyongeza, kisha akalipeleka Royal Society. Hata hivyo, halikutikisa ulimwengu wa hesabu wakati ule.

Laplace aliijenga, Fisher akaikataa

Mwaka 1774 Mfaransa kijana, Pierre-Simon Laplace, alifikia wazo lile lile bila kujua kazi ya Bayes. Yeye ndiye aliyelipa nguvu ya hesabu na kulitumia kwenye takwimu halisi. Alichukua kumbukumbu za ubatizo za Paris kuanzia 1745 hadi 1770, zenye wavulana 251,527 na wasichana 241,945, akauliza kama tofauti hiyo ingeweza kuwa ya bahati tu. Hesabu yake ilimwonyesha kuwa ni karibu yakini kwamba nafasi ya kuzaliwa mvulana inazidi nusu. Kwa haki kabisa, sehemu kubwa ya tunachokiita kanuni ya Bayes ni kazi ya Laplace.

Karne ya 20 ilipoanza, upepo ukageuka. Ronald Fisher, Mwingereza aliyekuwa mwanatakwimu mwenye ushawishi kuliko wote wa zama zake, aliandika katika kitabu chake cha mwaka 1925 kwamba njia hiyo ni ya kukataliwa kabisa. Hoja yake ilikuwa nzito: kanuni inakutaka uanze na makisio kabla ya ushahidi, na makisio ya mtu mmoja si ya mwenzake. Sayansi itasimamaje juu ya maoni?

Wasomi wengi walimfuata. Lakini wenye kazi za haraka hawakuwa na nafasi ya kungoja mjadala uishe. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, huko Bletchley Park, kituo cha Uingereza cha kuvunja siri, mwanahisabati Alan Turing alitumia fikra hiyo kuvunja mawasiliano ya siri ya jeshi la majini la Ujerumani. Kila dokezo lilipewa alama, na alama zikajumlishwa hadi dhana moja ikazidi nyingine. Kazi hiyo ilifichwa kwa miongo mingi. Andiko la Turing kuhusu matumizi ya uwezekano katika kuvunja siri liliwekwa wazi mwaka 2012 tu.

Mfano wa karibuni zaidi ni wa baharini. Juni 1, 2009, ndege ya Air France namba 447 iliyotoka Rio de Janeiro kwenda Paris ilianguka katika Atlantiki ikiwa na watu 228. Msako wa karibu miaka miwili haukufikia mabaki makuu. Wataalamu wa kampuni ya Metron ya Marekani walipopewa kazi, walipanga upya ramani ya uwezekano kwa kutumia hata misako iliyoshindwa. Maeneo karibu na mahali ndege ilipojulikana kuwa mara ya mwisho yalikuwa yamepunguziwa uzito kwa sababu hapakusikika mlio wa vinasa sauti. Wao wakauliza: je, kama vifaa vya mlio vyenyewe viliharibika? Uzito ukarudi pale pale. Aprili 2011, baada ya takriban wiki moja ya msako mpya, mabaki yalionekana.

Kanuni hii na jibu lako la kipimo

Chukua mfano wa hesabu. Watu 10,000 wanapimwa ugonjwa ambao 100 kati yao wanao. Kipimo hunasa wagonjwa 9 kati ya 10, na humsingizia mzima 1 kati ya 10. Wagonjwa 90 watanaswa, lakini wazima 990 nao watasingiziwa. Hivyo kati ya 1,080 walioambiwa wanao, ni mmoja tu kati ya 12 anayeumwa kweli. Wapime hao kwa kipimo cha pili cha aina tofauti chenye ubora ule ule, watabaki wagonjwa 81 na wazima 99: asilimia 45. Kipimo cha tatu kitawaacha takriban 73 kwa 10: asilimia 88.

Vipimo vya VVU ni bora kuliko hivyo kwa mbali, lakini hesabu ni hiyo hiyo. Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilizishauri nchi zote kutaka majibu matatu chanya mfululizo kabla ya kumwambia mtu ana virusi. Awali, nchi zenye maambukizi mengi ziliruhusiwa kutumia mawili. Kwa kuwa wengi wenye virusi wameshapimwa na wako kwenye dawa, miongoni mwa wanaoingia kupimwa leo wenye maambukizi ambayo hayajagunduliwa ni wachache, na jibu moja chanya limepungua uzito.

Somo hili lisiachiwe wanafunzi wa vyuo vikuu pekee. Mwalimu wa sekondari anaweza kulifundisha kwa kugawanya watu 10,000 ubaoni, bila fomula yoyote. Nawe msomaji, usiogope kupima. Ukipewa jibu, muulize mhudumu mambo mawili: watu kama mimi wenye tatizo hili ni wangapi, na kipimo hiki hukosea mara ngapi? Kisha kubali kipimo cha kuthibitisha kabla ya kuamini au kukata tamaa.