Foni ya baba mudogo

Vijana wa leo hapa Baraka, mukisikia neno «foni» munafikiria simu ya mukononi. Kwa wakubwa wetu foni ilikuwa kitu kingine: sanduku la chuma, mikro yenye waya wa kujikunja, batri ya gari chini ya meza, na waya mrefu umefungwa toka mwembe moja mpaka mwingine. Ulibonyeza ukasema, ukaachilia ukasikiliza. Watu wawili hawawezi kusema pamoja. Ukimaliza unasema «avu», Kifaransa chetu cha foni, ndipo mwenzako anajibu. Na kila aliyekuwa kwenye masafa yale, toka Uvira mpaka Kalemie, alisikia habari za nyumba yako.

Baba mudogo alikuwa opereta wa foni pale sokoni. Alipofariki tulikuta ile redio chini ya kitanda, imefungwa ndani ya kitenge, pamoja na kaye mbili. Ni Kenwood ya miaka ya 1990, wati 100. Mimi nimesoma mambo ya umeme kidogo na sina kazi (munanielewa), basi nikasema nitaifufua.

Kule Marekani kuna watu wengi wanaotengeneza redio za zamani nyumbani, hasa zile zinaitwa CB. Serikali yao iliwapa raia masafa ya karibu megahezi 27 mwaka 1958. Mafuta yalipopanda bei mwaka 1973, madereva wa malori walizitumia kuambiana wapi kuna stasheni yenye mafuta na wapi polisi amejificha. Mwaka 1977 chaneli zikaongezwa toka 23 kufika 40. Lakini CB ni wati 4 tu, na mawimbi yake kwa kawaida yanakwenda kilomita chache, yakikuta mlima yanakufa. Sisi hapa nyuma yetu kuna Itombwe, mbele kuna ziwa na Ubwari. CB haiwezi kutufikisha Bukavu. Foni yetu ilitumia masafa ya chini zaidi, kama megahezi 7 muchana na chini ya hapo usiku. Mawimbi hayo yanapanda juu sana, yanagonga tabaka la hewa lenye umeme, yanarudi chini ngambo ya milima. Ndiyo maana opereta muzuri alijua saa. Baba mudogo alikuwa anasema: Bukavu ni ya asubuhi, Kinshasa ungojee jioni.

Fizi imezoea redio tangu zamani. Che Guevara alipovuka ziwa na Wakuba wake tarehe 24 Aprili 1965, akakaa juu ya Kibamba mpaka Novemba, mawasiliano na Kigoma na Dar es Salaam yalipitia mashua, na baadaye redio pia. Halafu misioni, hospitali, makampuni na wachuuzi wa dhahabu, wote walikuwa na foni, kwa sababu barabara yetu mulijua namna ilivyo. Toka hapa mpaka Uvira ni karibu kilomita 90, lakini mvua ikinyesha hesabu hiyo haina maana.

Vita ndiyo iliifanya foni kuwa kitu cha kufa na kupona. Mwaka 1996 watu wetu walivuka ziwa kwa maelfu, wakaenda Nyarugusu, na mwaka uliofuata Lugufu. Wengine wakakimbilia porini. Msalaba Mwekundu ulileta zile karatasi za kuandika habari za familia tu, bila siasa, na zilisaidia sana, lakini barua ilichukua wiki nyingi, mara nyingine miezi. Watu walipouawa Makobola mwisho wa Desemba 1998, raia mamia, kijiji kile hakikuwa na simu hata moja. Pamoja na hayo, mwanzoni mwa Januari shirika la habari la wamisionari, MISNA, lilikuwa limekwisha kuitangaza toka Roma.

Sasa nije kwenye kaye. Ni za 2003 mpaka 2005, mbele kidogo ya minara kutufikia. Kila mustari una tarehe, jina, mahali, ujumbe, na pesa iliyolipwa. «Mtoto amezaliwa, ni dume.» «Tuma dawa ya muzee na pirogi ya kesho.» «Mzigo wa Misisi umefika, kilo zote ziko.» Huyu wa mwisho sidhani alikuwa anauza mahindi! Wachuuzi walijua kwamba kila mutu anasikia, basi dhahabu ikaitwa kila jina isipokuwa dhahabu.

Na kuna mustari moja wa 2004 ambao nilisoma mara tatu. Ni kifo cha babu yetu. Mama wakati ule alikuwa Lugufu, na mimi mgongoni. Baba mudogo aliita Uvira kwa foni, Uvira wakaandika karatasi, karatasi ikapanda mashua kwenda Kigoma, mutu akaifikisha kambini. Siku 11. Pembeni, pale pa pesa, ameandika: «bure, ni baba yangu». Alisema kifo cha baba yake mwenyewe kwa sauti, herufi kwa herufi, watu wa pwani yote wakisikiliza, halafu akafunga hesabu ya siku.

Matengenezo yenyewe yalinichukua miezi minne. Kosa la kwanza lilikuwa la zamani: kuna siku mutu aligeuza nyaya za batri, chanya ikawa hasi. Redio kama hizi zina diode ya ulinzi ambayo inajitoa sadaka, na fyuzi inaungua. Lakini huyo mutu akaweka waya wa shaba pahali pa fyuzi, akajaribu tena, na njia ya shaba kwenye sahani ikaungua. Mimi sikuiunga moja kwa moja. Niliweka taa ya pikipiki katikati ya batri na redio: taa ikiwaka kwa nguvu, ujue kuna nyaya zimegusana ndani. Iliwaka kama usiku wa harusi. Nilitoa diode, taa ikafifia. Diode ingine nilipata kwenye chaja ya batri iliyokufa.

Kondensateri ndogo zilikuwa zinavuja. Zikivuja zinatoa harufu ya samaki, ila ku Baraka harufu ya samaki haishangazi mutu, basi nilichelewa kujua. Nikabadilisha kumi na moja. Kiwambo kikawaka, lakini sauti hakuna, mpaka nilipopangusa relei ya antena kwa alkoli na kipande cha karatasi. Chaneli zote zilikuwa zimefutika kwenye kumbukumbu, betri yake ndogo imekwisha. Zilikuwa zimebaki kwenye jalada la kaye, kwa mwandiko wa baba mudogo.

Hapo mama akaingia. Aliona waya wa mita 20 kati ya miembe, akasema: «Mwanangu, unataka watuue?» Wakati wa vita waliingia nyumba kwa nyumba wakitafuta foni, na mwenye foni aliitwa mujasusi wa upande wa pili, haijalishi ni upande gani. Baba mudogo alifukia yake mara mbili. Hata leo, kwetu, mutu mwenye mashini ya kutuma sauti atafanya nini ili aaminike kwamba ni fundi tu? Na sheria iko: ya tarehe 25 Novemba 2020 juu ya mawasiliano, kutangaza kunahitaji ruhusa, na ARPTC ndiyo inasimamia masafa. Vijana munaopenda vyombo hivi, musibonyeze kabla ya kuuliza.

Tulikubaliana hivi: mikro inakaa kabatini mwa mama, chini ya vitenge, na ufunguo ni wake. Waya unashushwa mchana. Usiku nasikiliza tu.

Mara nyingi ni mvumo na radi za mbali za ziwa. Juzi, kwenye masafa ya jalada, nilisikia mwanaume anahesabu kwa Kiswahili, moja mpaka tano, halafu «avu». Hakuna aliyemujibu. Mama alikuwa mulangoni, amesimama na sahani mukononi. Kaye ya kwanza nimekwisha kuinakili mpaka ukurasa wa 60, ya pili panya wamekula pembe ya chini, na hapo ndipo pesa ziliandikwa.