Umri wa Bastola ya Gumegume

Msomaji, huenda siku moja ukaonyeshwa bastola ya kale, ukaambiwa kwamba ina umri wa miaka mia mbili na zaidi. Usikubali upesi, wala usikatae upesi. Silaha haina kinywa, lakini ina alama, na alama ni ushahidi.

Kwanza, yafaa bastola hiyo ikaguliwe na mtu ajuaye silaha, kwani nyingi za kale zimekutwa zingali zimeshindiliwa baruti. Kisha tazama mtambo wake. Jogoo huuma kipande cha gumegume. Kifyatulio kivutwapo, jiwe hilo hukwaruza kibao cha chuma, cheche zikaanguka kifani penye baruti, na moto ukapenya tundu dogo hata ndani ya kasiba. Mtambo huu ulitokea Ufaransa mwanzoni mwa karne ya 17. Mwaka 1807 Alexander Forsyth, mchungaji wa Scotland, alipata hati ya uvumbuzi wa kuwasha baruti kwa dawa ilipukayo ikigongwa. Kutokana na uvumbuzi huo zilipatikana fataki, na kufikia katikati ya karne ya 19 majeshi makubwa ya Ulaya yalikuwa yakiiacha gumegume.

Je, twaweza kusema kwamba kila bastola ya gumegume ilitengenezwa kabla ya 1850? La. Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalipatana kuzuia silaha mpya zisiingizwe katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini yaliruhusu, kwa masharti, bunduki za gumegume. Hivyo mafundi wa Birmingham na wa Liège, Ubelgiji, waliendelea kuunda silaha za gumegume kwa biashara ya Afrika. Silaha changa ikavaa nguo za babu yake.

Basi hapana budi kuzisoma alama. Silaha za jeshi la Uingereza zilichorwa taji na herufi GR, yaani Mfalme George. Lakini wafalme wanne wa jina hilo walitawala mfululizo tangu 1714 hadi 1830. Hadi mwaka 1764 mitambo ya silaha hizo ilichorwa pia jina la fundi na mwaka. Baadaye hayo yaliachwa, likatumika neno TOWER, yaani ile ngome ya London iliyokuwa ghala ya silaha za serikali. Hata hivyo, wafanya biashara waliiga taji na neno hilo ili kuzipamba bidhaa zao.

Kwa hiyo itazame na kasiba. Nyumba ya kujaribia silaha ya Birmingham iliwekwa kwa sheria ya 1813. Kasiba yenye alama yake ilijaribiwa mwaka huo au baadaye. Alama ya Liège ni herufi ELG ndani ya duara refu, na taji liliongezwa juu yake mwaka 1893. Ukiliona taji hilo katika bastola yenye neno TOWER, fahamu kwamba kasiba hiyo ilijaribiwa mwaka 1893 au baadaye, hata mwenyewe akiapa namna gani. Chunguza pia kama mti umechongwa kuupokea mtambo huo huo, maana vipande vya silaha mbili huweza kuunganishwa.

Wala mahali ilipookotwa si lazima pawe asili yake. Mkataba wa Seyyid Said na Marekani wa 1833 ulikataza bunduki na baruti kuuzwa kisiwani Unguja ila kwa serikali, bali katika bandari zake nyingine uliruhusu. Silaha zilisafiri mbali na waliozifua.

Jambo hili si dogo. Bastola ya 1895 ikiwekwa mbele ya watu kuwa ushahidi wa vita vya 1820, wazee wetu watasingiziwa mambo wasiyoyatenda, na wajukuu watayaamini. Basi ukiipata silaha kama hiyo, usiisugue ing'ae. Waweza kuifuta alama pekee iliyobaki kusema kweli.