Kiporo cha Godzilla

Mashabiki wa Godzilla wakikaa kubishana ni filamu ipi mbaya kuliko zote, kuna moja ambayo haikosi kutajwa, na mara nyingi ubishi huishia hapo hapo. Ni filamu ya kumi katika mfululizo, iliyotoka Japani tarehe 20 Desemba 1969. Kwa Kiingereza inajulikana kama All Monsters Attack. Ilipofika Marekani mwaka 1971 ikapewa jina la Godzilla's Revenge, ingawa ndani yake Godzilla halipizi kisasi kwa yeyote. Ina dakika 70 hivi, na sehemu kubwa ya mapigano yake ni vipande vilivyokatwa kutoka filamu za nyuma na kuunganishwa upya. Wahakiki waliita huo uvivu, na mashabiki wakauita wizi.

Mimi naipenda. Nimeitazama mara nyingi kuliko ile ya kwanza ya mwaka 1954, ambayo najua ni kazi bora na ninaiheshimu kama mtu anavyomheshimu babu mkali.

Hadithi yenyewe ni nyepesi. Ichiro ni mtoto wa shule ya msingi anayeishi Kawasaki, mji wa viwanda ulio kati ya Tokyo na Yokohama. Baba yake ni dereva wa treni na mama yake anafanya kazi hadi usiku. Akitoka shule hakuna anayemsubiri nyumbani. Njiani kuna watoto watukutu wanaomwonea, na kiongozi wao anaitwa Gabara. Ichiro akisinzia anaota amekwenda Kisiwa cha Madubwana. Huko anakutana na Minilla, mtoto wa Godzilla, ambaye naye anaonewa na dubwana lenye magamba kama chunjua na nywele za rangi ya machungwa. Jina la dubwana hilo ni Gabara pia. Wakati huo huo, huku katika dunia ya macho, majambazi wawili walioiba yeni milioni 50 benki wamejificha kwenye jengo bovu karibu na kwao.

Madubwana yote, basi, ni ndoto. Hakuna mji unaobomolewa wala jeshi linalokimbizwa. Mtu aliyelipa kiingilio ili aone Tokyo ikiwaka ana haki ya kununa.

Lakini tazama miaka ile. Mwongozaji, Ishirō Honda, alikuwa askari katika vita vya Uchina, na aliporudi nyumbani mwaka 1946 alipita Hiroshima. Mwaka 1954, mwezi Machi, Marekani ililipua bomu la haidrojeni katika kisiwa cha Bikini, na majivu yake yakawaangukia wavuvi wa Kijapani waliokuwa kwenye meli ya Daigo Fukuryū Maru. Mmoja wao, Aikichi Kuboyama, alikufa Septemba mwaka huo. Novemba Godzilla akatoka baharini kwa mara ya kwanza, na watu waliokwenda sinema hawakuhitaji kuelezwa yule ni nani.

Miaka 15 baadaye nchi ilikuwa nyingine. Mwaka 1958 Wajapani walikata tiketi za sinema zaidi ya bilioni moja. Kufikia 1969 tiketi hizo hazikufika hata milioni 300. Televisheni ilikuwa imeingia sebuleni, hasa baada ya harusi ya mwana wa mfalme mwaka 1959, na madubwana nayo yakaifuata huko. Kinachochekesha ni nani aliyeyapeleka. Eiji Tsuburaya, fundi aliyebuni maajabu yote ya Godzilla, alikuwa ameanzisha kampuni yake, na mwaka 1966 ikatoa Ultraman kwenye televisheni. Kila wiki mtoto akawa anapata dubwana jipya bila kutoa senti, na bila kumbembeleza baba ampeleke mjini.

Toho, kampuni ya Godzilla, ikapunguza bajeti na kuanzisha maonyesho ya watoto wakati wa likizo za shule: filamu kadhaa kwa tiketi moja, katuni na Godzilla ndani ya kapu moja. Filamu hii ndiyo iliyofungua maonyesho hayo. Jina la Tsuburaya limewekwa kama msimamizi, lakini hiyo ilikuwa heshima tu. Honda aliongoza maigizo na madubwana pia. Wiki tano baada ya filamu kutoka, tarehe 25 Januari 1970, Tsuburaya alifariki.

Kwa hiyo Honda alipewa kiporo. Pigano la Godzilla na kambakoche mkubwa lilitoka filamu ya 1966, na lile la vunjajungu wakubwa lilitoka ya 1967. Ukiwa makini utaona sura ya Godzilla ikibadilika kutoka picha moja hadi nyingine, kwa sababu vazi la mwaka huu si vazi la mwaka ule. Nani asiyejua kiporo? Kuna mtu anayekimwaga sahanini kilivyo, baridi, na kuna anayekitia kitunguu na nazi kidogo ukasahau kwamba ni cha jana.

Honda alikitia kitu ambacho wahakiki wengi walikipita. Katika dunia ya Ichiro, Godzilla ni wa kwenye filamu, kama alivyo kwetu. Kwa hiyo mtoto huyu anapoota, anaota kwa vipande vya sinema alizowahi kuona. Yeye na Minilla wanajificha pembeni na kutazama mapigano ya zamani kama watazamaji wawili wa siti za mbele, wakishangilia na kutoa maoni. Mwaka 1969 hapakuwa na kanda ya kukodi. Filamu ikishaondoka sinema, ilibaki kichwani mwako tu, na kichwa huchanganya ya 1966 na ya 1967 bila kujali vazi.

Halafu kuna moshi. Filamu inafunguka na Kawasaki yenyewe: mabomba ya viwanda, malori, reli, mtoto akipita katikati. Godzilla aliyepigana na dubwana la uchafu mwaka 1971 ndiye anayesifiwa kwa kuleta habari za mazingira, na bunge la Japani lilipitisha sheria 14 za kudhibiti uchafuzi mwishoni mwa 1970. Honda alishaupiga picha moshi ule kabla ya hayo yote, tena bila hotuba. Japani ilikuwa imeshakuwa nchi ya pili kwa utajiri kati ya nchi za kibepari, na utajiri huo ulikuwa na watoto wake: kagikko, watoto wa ufunguo, wanaojifungulia mlango wenyewe.

Hapo ndipo ilipoanza kuwa yangu. Mama alikuwa muuguzi, na zamu za usiku zilimwangukia mara nyingi. Ufunguo wangu ulikuwa kwenye kamba ya kiatu, shingoni, ndani ya shati la shule. Wali na maharage vilikuwa kwenye hotpoti. Nyumba ya pili kulikuwa na fundi redio aliyeniachia nikae kibarazani kwake hadi giza, kama vile Ichiro anavyokaa kwa jirani yake mzee anayetengeneza vitu vya kuchezea. Diski tuliipata Kariakoo, filamu nane ndani ya moja, na ganda lake lilikuwa na picha ya Godzilla mwingine kabisa, yule wa Marekani wa 1998. Kiingereza sikukijua. Minilla alizungumza kwa sauti ya mtu mzima aliyezubaa, na nilidhani ndivyo madubwana wanavyoongea.

Sisemi filamu haina kasoro. Ichiro akishawatoroka majambazi na kumpiga yule Gabara wa mtaani, anampigia honi mchoraji wa mabango hadi anaanguka na rangi yake, na kwa utundu huo anakubaliwa na wale wale waliokuwa wakimwonea. Kila nikifika hapo nakereka. Yule mchoraji alikosa nini?

Mwaka jana nilimwekea mama. Ameshastaafu, na kwa kawaida hulala filamu ikifika katikati. Hii hakulala. Muda mrefu hakusema kitu, kisha akauliza, "Huyu mtoto hana bibi?"

"Ana jirani."

Akanyamaza tena. Kwenye skrini Godzilla alikuwa akimfundisha mwanawe kutema moto. Mtoto alijaribu, kikatoka kiduara cha moshi tu. Baba akamkanyaga mkia, na moto ukatoka kweli.

"Hivi wewe ulikuwa unaogopa?" mama akauliza, macho bado kwenye skrini. "Zile siku za usiku."

Nilikuwa na jibu nililolitoa miaka yote, kwamba hapana, nilikuwa nalala tu. Safari hii nikamwambia kwamba nilikuwa naacha redio ikilia hadi asubuhi, na kwamba betri zilizokuwa zikiisha haraka, ambazo alimlaumu fundi kwa kumuuzia feki, zilikuwa nzima.

Alicheka, kisha akaacha kucheka. Akaweka kikombe cha chai chini.

"Rudisha pale," akasema, "anapomkanyaga mkia."